Kew kwa mwendo wa shangazi

Jumapili jioni

Ramani nimeitandaza juu ya meza ya shangazi tangu alasiri. Kew, bustani ya mimea ya hapa London, ina hekta zipatazo 130, nami nimepania kuimaliza kwa siku moja: asubuhi tuwe wa kwanza langoni, jioni tufukuzwe. Kwa kalamu nyekundu nimechora mstari unaopita kila jengo lenye jina.

Shangazi aliutazama ule mstari, akauliza vikao viko wapi.

"Vikao gani, shangazi?"

"Vya kukalia, mwanangu. Kwa goti hili mimi sifuati mstari wa mtu."

Anaishi London mwaka wa thelathini na ushei. Ukuta wa Kew ameupita kwa basi mara zisizo na hesabu, kwenda kazini na kurudi, na hajawahi kutia mguu ndani. Anasema alidhani ni nyumbani kwa malkia. Hakukosea sana. Bustani ilianza mwaka 1759 kwenye viwanja vya familia ya kifalme, Augusta, mama yake Mfalme George wa Tatu, alipoanza kukusanya mimea ya kigeni. Umma ulikabidhiwa mwaka 1840.

Jumatatu

Tulishuka kwenye kituo cha Kew Gardens, tukatembea dakika chache hadi Lango la Victoria. Cha kwanza kutupokea hakikuwa ua. Ilikuwa ndege ya abiria, imeshateremsha magurudumu, inaelekea Heathrow, chini kiasi kwamba unasoma maandishi ubavuni. Dakika mbili haijapita ikaja nyingine, na ndivyo ilivyo kutwa. Chini ya ndege hizo wanapita kasuku wa kijani, makundi kwa makundi, kwa kelele za wapigadebe. Si wa huku. Ni vizazi vya waliotoroka au kuachiwa kutoka vizimbani, na sasa wanaishi kwenye miti ya Kew kana kwamba wana hati ya kiwanja.

Mstari wangu mwekundu ulikufa kabla ya saa tano. Shangazi alikalia benchi la kwanza, la pili, na la tatu. Nikamwambia kwa heshima kwamba tukienda hivi hatutafika popote. Akaniambia kwa heshima kidogo kuliko yangu kwamba yeye tayari amefika.

Basi tukaingia Palm House, na humo nikanyamaza mwenyewe. Kwa nje ni jahazi la chuma na vioo lililopinduliwa kifudifudi, na mfano huo si wangu tu. Richard Turner, fundi chuma wa Dublin aliyelijenga pamoja na msanifu majengo Decimus Burton kati ya 1844 na 1848, aliazima mbinu za waunda meli ili kupata mbavu nyembamba za kubeba vioo bila nguzo za kuziba mwanga. Ukiingia, miwani inapiga ukungu papo hapo na shati linaganda mgongoni. Shangazi alivua koti, akavua na sweta, akavuta pumzi. "Hii sasa ndiyo hewa," akasema, akaketi.

Upande wa Afrika kuna mzee mmoja ambaye ningemshauri kila mtu aanze naye. Ni mtapo, mmea wa jamii ya kale wenye sura ya mnazi mfupi, jina la kitaalamu *Encephalartos altensteinii*. Francis Masson, mkusanya mimea aliyetumwa na Kew, aliuchukua Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, nao ukafika hapa mwaka 1775. Umo ndani ya chungu. Shina limelala upande kwa uzee na limewekewa mihimili ya kuliegemeza. Miaka yote hiyo inajulikana umetoa koni, kiungo chake cha uzazi, mara moja tu hapa, mwaka 1819, na Joseph Banks, aliyekuwa mshauri mkuu wa bustani, alikuja kuitazama akiwa mgonjwa mwaka mmoja kabla ya kufa. Wengi wanaamini ndio mmea mkongwe kuliko yote iliyomo vyunguni duniani. Watu walikuwa wakiupita kuelekea kwenye ngazi za juu, maana haung'ai. Mimi mwenyewe ningeupita, ila nilisimama kusoma kibao.

Na hapa ndipo safari yangu ilipobadilika. Mtunza bustani mmoja alikuwa akimwagilia kwa mpira karibu nami. Aliponiona nimekodolea kile kibao, alinieleza namna ya kukisoma. Kuna jina la ukoo wa mmea. Kuna jina la mmea wenyewe kwa Kilatini. Kuna mahali unakotokea. Kisha kuna namba, ambayo wageni wengi huiruka: tarakimu za mwanzo ni mwaka ulipoingia kwenye kumbukumbu za bustani, kinachofuata ni namba yake ya pekee. Ukiwa na namba hiyo unaweza kurudi kwenye daftari ukajua nani aliuleta, kutoka wapi, na hata ni mtoto wa mmea upi. Bustani ya kawaida ya jiji hupanda maua ili mji upendeze. Yakifa, yanapandwa mengine. Hapa kila mmea una faili.

Toka hapo nikaacha kutazama maua, nikawa nasoma vibao kama karani. Mchikichi. Mbuni. Mpira, ambao una kesi yake. Mwaka 1876 Henry Wickham alitoa Brazili mbegu zipatazo 70,000 za mti huo na kuzileta Kew; zilizoota ni elfu mbili na kitu tu. Miche ikapelekwa Sri Lanka na Singapore, na baadaye mashamba ya Asia yakaivunja nguvu biashara ya mpira ya Amazon. Kuna wanaouita wizi na kuna wanaosema hakukuwa na sheria iliyovunjwa. Mimi naona vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Hatua chache mbele, kimo cha goti, nikakutana na ua la pinki ambalo nimeshalikanyaga pembeni mwa njia mara ngapi sijui. Asili yake ni Madagaska, na dawa inayotolewa humo, vinkristini, inatibu saratani ya damu ya watoto.

Nilipotoka nilimkuta shangazi kwenye benchi linalotazama bwawa. Naye alikuwa anasoma. Mabenchi mengi ya Kew yamewekwa na familia kwa kumbukumbu ya wapendwa wao waliofariki, na yana maandishi madogo ya jina na miaka. Alikuwa ameshasoma matano.

"Huyu alipenda kuja na mkewe," akaniambia, akigonga ubao kwa kidole. "Yule wa kule alikuwa mwalimu. Wewe umesoma nini huko ndani?"

Nikamwambia habari za mtapo wa 1775.

"Na yeye kibao chake kimeandikwa alipenda nini?"

Nikakiri hakikuandikwa.

Saa kumi na moja tulikuwa tumemaliza Palm House, bustani ya waridi iliyo nyuma yake, na kibanda cha mayungiyungi kilicho kando, kilichojengwa mwaka 1852. Humo nilijifunza kwamba hata faili huweza kukosea. Yungiyungi kubwa kuliko yote duniani, ambalo jani lake hupita mita tatu, lilipewa jina lake mwaka 2022 tu: *Victoria boliviana*. Vielelezo vyake vilivyokaushwa vilikuwa vimelala kwenye hifadhi ya Kew zaidi ya miaka 170, vimepachikwa jina la yungiyungi jingine.

Ramani nimeikunja. Itabidi turudi kesho.

Jumanne

Mvua tangu alfajiri. Si ile ya kumwagika na kuisha; ni ya hapa, inayodondoka kutwa kama mtu anayelalamika chini chini. Shangazi alisema tuahirishe, nikamwambia kuna jumba lenye hali kumi za hewa chini ya paa moja. Akaenda kutafuta mwavuli.

Jumba hilo, Princess of Wales Conservatory, lilifunguliwa mwaka 1987. Kwa sura halina mvuto wa Palm House. Ni mapaa ya vioo yaliyolala chini, mengine kama yamezama ardhini. Raha yake ni milango. Unafungua mmoja uko jangwani, katikati ya jamaa za mkonge na vimea vinavyojifanya mawe ili visiliwe. Unafungua wa pili, joto na unyevu, okidi zimening'inia. Kompyuta ndizo zinazopanga joto na unyevu wa kila chumba. Shangazi alipima kwa goti. "Hapa linauma. Hapa haliumi. Turudi pale pa kwanza."

Nilikuwa natafuta kitu kimoja. Ni *Nymphaea thermarum*, yungiyungi dogo kuliko yote yanayojulikana, jani lake laweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Liligunduliwa mwaka 1987 Rwanda, kwenye matope ya pembeni mwa chemchemi ya maji moto huko Mashyuza, na halikuwa limeonekana kwingine. Maji ya chemchemi yalipoelekezwa kwenye matumizi mengine, matope yakakauka, ua likatoweka pale. Mbegu chache zilikuwa zimehifadhiwa Ujerumani, nyingine zikaletwa Kew. Zikawa zinaota na kufa, zinaota na kufa.

Carlos Magdalena, mtaalamu wa mimea wa hapa, alihangaika nayo kwa miezi. Mayungiyungi mengine yote huanza maisha chini ya maji, na yeye alikuwa akiyapanda hivyo. Mwisho akajiuliza swali ambalo baada ya kulisikia unajiona ungeliuliza hata wewe: ua hili halikuwa likiishi ndani ya maji, bali kwenye tope la pembeni, hewani. Pengine linahitaji kaboni dioksidi ambayo majini haitoshi. Akaiweka miche kwenye udongo ulio sawa na uso wa maji, joto la nyuzi 25, nayo ikanyanyuka. Mwaka 2009 ikachanua.

Januari 2014 mtu alichomoa mmea mmoja humu jumbani akaondoka nao. Ni kitu cha kuingia mfukoni. Sijui unauweka wapi mmea ambao dunia nzima inaujua kwa sura.

Shangazi hakuwa na habari na Rwanda wala wezi. Alikuwa amesimama kwenye kona ya kivuli, mbele ya vichaka vidogo vyenye majani manene ya manyoya na maua ya zambarau.

"Hili mbona langu?"

"Lako vipi, shangazi?"

"Lipo dirishani jikoni. Umeosha vyombo mbele yake siku ngapi, hujaliona?"

Kweli sikuwa nimeliona. Nikainama nikasoma kibao: Tanzania. Hili ndilo ua la Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilikuta milimani mwaka 1892 akapeleka Ujerumani. Mwaka uliofuata likapewa jina la *Saintpaulia*, kwa heshima ya ukoo wake. Sasa wanasayansi wameliingiza kwenye jenasi ya *Streptocarpus*, jina la ofisa limebaki kwenye vitabu vya zamani. Wajerumani hadi leo wanaliita urujuani wa Usambara. Limezalishwa aina maelfu na linauzwa kwenye vyungu vya plastiki dunia nzima, huku ndugu zake wa porini wamebaki kwenye mawe yenye kivuli ya misitu inayozidi kupungua.

Nilimtafsiria haya yote. Alinyamaza muda.

"Miaka yote nilidhani la Kizungu," akasema. "Nimeongea nalo Kiingereza."

Mchana mvua ikalegea, tukavuka hadi kwenye jengo la michoro ya Marianne North, lililofunguliwa mwaka 1882. Mama huyu wa Kiingereza alizunguka dunia peke yake, akichora mimea pale pale inapoota, kisha akajenga jumba hili kwa fedha zake na kulitoa kwa Kew. Kuna picha zaidi ya 800 za rangi ya mafuta, zimebanana ukutani kama stempu kwenye albamu, hakuna nafasi ya kupitisha mkono. Alitaka wageni wapewe chai humu, mkurugenzi akakataa. Naye akachora mchai na mbuni juu ya milango. Shangazi alimpenda kwa kisa hicho kuliko kwa picha zote.

Jumatano

Hatukwenda. Goti lake, na miguu yangu pia ingawa sikulisema.

Alhamisi

Siku ya miti. Jua limewaka na nusu ya London imekuja na mablanketi ya kulalia nyasi.

Kama Jumatatu nilisoma vibao vya nyumba za vioo, leo nimesoma vya nje, vilivyobandikwa kwenye mashina. Miti michache ni ya enzi za kale kabisa za bustani. Wafanyakazi huiita Simba Wazee, na mmojawapo ni mginko uliopandwa mwaka 1762. Unatazama mti wenye afya, majani ya kijani kibichi yenye umbo la pepeo, huoni popote kwamba umeanza kabla Marekani haijawa nchi.

Lakini mti niliokuja kuuona ni mwaloni, mwaloni wa Turner (si yule fundi chuma), na kwa huo nitasimama kidogo.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987, dhoruba ambayo watabiri hawakuitarajia kwa ukubwa ule ilipiga kusini mwa Uingereza. Kew peke yake ilipoteza miti ipatayo 700 kwa usiku mmoja. Mwaloni huu, uliopandwa mwishoni mwa karne ya 18, haukuanguka. Upepo uliunyanyua mzima, mizizi na udongo wake, ukautikisa, kisha ukaurudisha kwenye shimo lake. Mti wenyewe ulikuwa ukiumwa tangu kabla, majani machache, matawi ya juu yanakauka. Wakauegemeza kwa mihimili, wakaendelea na kazi ya kukata yaliyoanguka, wakijua huu wataufikia mwisho.

Waliufikia baada ya miaka mitatu hivi. Wakakuta umestawi kuliko ulivyokuwa kwa miongo. Tony Kirkham, aliyekuwa kwenye kazi hiyo na baadaye akawa mkuu wa miti wa Kew, ameeleza hadharani mara nyingi walivyokuna vichwa. Kilichokuwa kikiuua mti kilikuwa miguu yetu. Zaidi ya karne moja ya wageni waliokuja kukaa kivulini walikuwa wameshindilia udongo mpaka ukawa kama sakafu ya saruji. Maji hayapiti, hewa haifiki mizizini. Dhoruba ilipounyanyua, ikaulegeza udongo kwa sekunde chache. Kuanzia hapo wakaanza kuingiza hewa kwenye udongo wa miti mingine kwa mashine ya kusukuma hewa kwa nguvu, na njia hiyo imeenea bustani nyingine.

Baada ya kuijua habari hii unaanza kuona mambo. Chini ya miti mingi mikubwa ya Kew hakuna nyasi hadi shinani. Kuna duara pana la matandazo ya maganda na majani yaliyooza. Jumatatu nilidhani ni pambo. Kumbe ni njia ya adabu ya kutuambia tusikanyage.

Nilimsimulia shangazi huku tumekaa kwenye benchi umbali wa kutosha.

"Kwa hiyo walikuwa wanaupenda mpaka unakufa," akasema.

Familia moja ilitandika blanketi juu ya matandazo. Shangazi aliwanyooshea fimbo, si kwa ukali sana, wakasogea.

Kwenye daraja la juu ya miti, lenye kimo cha mita 18 na urefu wa mita 200, nilipanda peke yangu. Yeye alibaki chini, akasema atanilinda kwa macho. Nguzo zake ni za chuma kilichoachwa kipate kutu makusudi, kutu yenyewe ikawa ngozi ya kukikinga, na rangi yake inafanana na magome. Daraja linayumba kidogo. Vibao vichache, watoto wengi, na kwa mara ya kwanza nikawatazama kasuku kutoka juu. Nilishuka upesi kuliko nilivyopanda.

Pagoda nimeipita tu. Ghorofa kumi za mwaka 1762, na majoka 80 yaliyorudishwa mwaka 2018 baada ya kukosekana zaidi ya karne mbili. Katika Vita Kuu ya Pili walitoboa sakafu zake ili kudondosha mifano ya mabomu kutoka juu hadi chini na kupima yanavyoanguka. Bustani ya maua na mabomu. Hilo nililiweka kando nilifikirie siku nyingine.

Mwisho kabisa, Mzinga. Ni mnara wa vipande vya alumini wenye mita 17, kazi ya msanii Wolfgang Buttress, uliotoka maonyesho ya Milan na kusimamishwa hapa mwaka 2016. Ndani kuna taa ndogo zipatazo 1,000 zinazowaka na kufifia kufuatana na mitetemo ya nyuki wa kweli, walio kwenye mzinga wa kweli humu humu bustanini. Muziki unanguruma chini chini pamoja nao. Jioni ile nyuki walikuwa na kazi, maana taa hazikutulia. Shangazi alifumba macho. Nilidhani anasikiliza; alikuwa amelala.

Ijumaa

Temperate House tumeiachia siku ya mwisho kwa sababu iko mbali na kituo, na kwa sababu nilijua aliyemo. Ndiyo nyumba kubwa kuliko zote za vioo zilizobaki kutoka enzi ya Malkia Victoria. Ilifunguliwa mwaka 1863 kabla haijaisha, ikamalizika mwaka 1899, na kati ya 2013 na 2018 ilifungwa ikakarabatiwa. Mimea kama 10,000 imo ndani, ya nchi zisizo na baridi kali wala joto la kuchemka. Kwa kuipisha kazi ile walilazimika kuukata mnazi wa Chile uliooteshwa kwa mbegu mwaka 1846, ambao ulikuwa umefika darini na hauna tena pa kwenda.

Niliyemtaka ni *Encephalartos woodii*, mtapo pia, binamu wa yule mzee wa Jumatatu. John Medley Wood aliukuta mwaka 1895 kwenye ukingo wa msitu wa Ngoye, KwaZulu-Natal. Ulikuwa mmoja, wenye mashina kadhaa. Mitapo ina dume na jike kila mmoja na shina lake, na huu ulikuwa dume. Shina moja likaletwa Kew mwaka 1899, mengine yakapelekwa kwingineko, na porini hakuna aliyewahi kuuona mwingine. Kwa hiyo kila mtapo wa Wood ulioko duniani leo, popote ulipo, ni kipande cha mmea uleule mmoja. Huu wa hapa ulitoa koni yake ya kwanza mwaka 2004, zaidi ya karne baada ya kuwasili. Chavua ipo, wa kuipokea hayupo. Miaka ya karibuni watafiti wamerusha droni juu ya msitu wa Ngoye wakitafuta jike.

Mzee mmoja wa kujitolea, mwenye beji na kofia ya majani, alituona tumeduwaa akaja. Alituambia tusikate tamaa mapema, akatupa kisa cha kahawa pori ya kisiwa cha Rodrigues, katika Bahari ya Hindi. Iliaminika imekwisha, hadi mwalimu wa shule pale kisiwani alipowatuma wanafunzi wakatafute mimea, na mtoto mmoja akarudi na tawi lake. Mti ulikuwa mmoja tu. Vipande vikaletwa Kew mwaka 1986, kimoja kikashika, kikawa kinatoa maua mwaka nenda mwaka rudi bila mbegu. Magdalena yuleyule wa yungiyungi la Rwanda ndiye aliyelifumbua fumbo, mwaka 2003, na miche iliyotokana na mbegu hizo ikarudishwa Rodrigues.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho, nikimtafsiria pale yule mzee alipoongea haraka. Kisha akarudi kuutazama mtapo. Una shina nene, majani yamejipinda kama miavuli, umenawiri.

"Na huyu kibao chake kinasemaje?"

Nikamsomea. Ukoo, jina, mahali, namba.

"Hakuna kwamba anangoja?"

"Hakuna, shangazi."

"Hawa watu wanaandika kidogo." Akaegemea fimbo. "Lakini mwaka wameuandika. Mwaka si mbaya."

Tulirudi kwa njia ndefu ili apite kwenye benchi la Jumatatu, lile la bwawa, la mtu aliyependa kuja na mkewe. Lilikuwa limekaliwa na vijana wawili wanakula aiskrimu. Alisimama kidogo pembeni, wakampisha, akakataa kukaa. Akawaomba tu vijiti vya aiskrimu wakimaliza. Wale vijana walitazamana, wakampa.

Sikumuuliza vya nini. Usiku huu, wakati ninaandika haya mezani pake, aliviosha kwenye sinki, akakikausha kimoja kwa kitambaa, akaniletea pamoja na kalamu yangu nyekundu.

"Niandikie lile jina refu. Mwandiko wangu siku hizi unatetemeka."

Nikaandika *Streptocarpus ionanthus*. Chini yake, Usambara. Nikauliza liliingia nyumbani mwaka gani.

Hakujibu upesi. Alikuwa anang'oa jani moja lililonyauka kwenye chungu cha dirishani. Alisema lile la mwanzo lilishazeeka, hili ni jani lake alilolikata akalipanda upya, mara ya tatu sasa, lakini anahesabu ni lilelile.

"Nililinunua ile wiki tuliyomzika marehemu," akasema. "Andika 2009, halafu moja."